Mchague Mbwa Kama Unavyochagua Fahali

Ukitaka kununua mbwa, nenda na mama yako. Mpe kiti cha mbele kwenye matatu na umlipie nauli, kwa maana leo yeye ndiye mtaalamu. Huku Tetu, Othaya na Mukurwe-ini hakuna mkaguzi wa mifugo anayemshinda mama aliyekamua ng'ombe miaka thelathini.

Mtazame siku mtu wa A.I., yule mhimilishaji wa ng'ombe, anapofika. Pikipiki haijapoa, maswali yameanza. Fahali anaitwa nani? Binti zake wanatoa kilo ngapi za maziwa? Ndama wake hukwama wakati wa kuzaliwa? Halafu linakuja lile zito: si huyu ndiye aliyemzaa huyu ng'ombe wangu? Ikiwa ndiye, mrija wa mbegu unarudi mtungini. Kituo cha Kabete kimekuwa kikituma mbegu za fahali tangu 1946, na wafugaji wetu wamejifunza kwamba ukimpandisha binti kwa babaye, hasara itakutembelea zizini. Mama huyu akimwona kijana wake akinunua mbwa kwa kupenda masikio tu, ana haki ya kushangaa.

Mkifika kwa muuzaji, usimwangalie mtoto wa mbwa usoni. Uso huo umeuza mbwa wagonjwa wengi kuliko madalali wote wa Mlima Kenya. Omba kumwona mama yake, nyumbani alikozalia, na umwombe muuzaji amtembeze. Tembea nyuma yake. Je, anatupa miguu ya nyuma sawasawa, au anarukaruka kama sungura? Anapumua kimya, au anakoroma akiwa macho? Mbwa anayekoroma akiwa amesimama hana pua ya kutosha, na mlima huu hauna huruma kwa asiye na pumzi. Ukiambiwa mama yuko Nairobi, baba yuko Nakuru na watoto wako hapa steji ya Karatina ndani ya katoni, umeshajibiwa.

Nayasema haya kwa uchungu. Mbwa wangu Simba nilimnunua kando ya barabara ya Nanyuki, akiwa na fotokopi ya cheti cha nasaba iliyofifia hata jina la babu halisomeki. Mgongo wake uliteremka nyuma kama paa la banda, nikaambiwa huo ndio ujamani shepadi wenyewe. Alipofika mwaka na nusu, asubuhi za Julai ukungu ukiwa bado umelalia majani chai, miguu ya mbele ilisimama na ya nyuma ikateleza kwenye saruji. Alipumzika, akajaribu tena, huku mkia ukinisalimu. Eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kikining'inia nje kidogo ya kikombe cha nyonga. Chakula na uzito huchangia ugonjwa huo, lakini pia hurithiwa, na wazazi wa Simba hakuna aliyewahi kuwapima.

Mgongo ule wa kuteremka si agizo la mwenye mbegu. Max von Stephanitz, kapteni wa askari wa farasi aliyeanzisha chama cha jamani shepadi huko Ujerumani mwaka 1899, alitaka mbwa wa kazi: wa kuchunga kondoo kutwa nzima bila kuchoka. Waliokuja baadaye ndio waliopenda picha wakasahau kazi. Vigezo vya maonyesho vikisifu umbo fulani, wazalishaji hulizidisha kila uzao, kwa sababu utepe una bei sokoni.

Na vigezo hubadilishwa. Havikuteremshwa kutoka mbinguni. Mwaka 2008 filamu ya BBC iliwaonyesha Waingereza mbwa mabingwa wanaoteseka kwa maumbile waliyopewa makusudi. Mwaka uliofuata Kennel Club ya huko ilirekebisha vigezo vya aina nyingi, ikakataa kuandikisha watoto wa mama na mwanawe, wa baba na bintiye, au wa ndugu wa tumbo moja. Tangu 2012 haiandikishi zaidi ya mizao minne ya jike mmoja. Hatua hizo zilichelewa, na buldogi bado anahema, lakini mlango ulifunguliwa.

Basi nasi tuiandikie East Africa Kennel Club pale Nairobi, kila mwenye mbwa wa cheti kuanzia Embu hadi Nyahururu, na tudai wazi. Cheti kisitolewe kabla nyonga za wazazi wote wawili hazijapigwa eksirei wakiwa wametimiza mwaka, na majibu yaandikwe juu ya cheti chenyewe, pale jicho la mnunuzi linapoanzia. Jike apumzishwe kati ya uzao na uzao. Jaji ampe alama mbwa kwa anavyotembea na anavyopumua kabla ya kumsifu rangi. Hapa Kabiru-ini, kwenye maonyesho ya kilimo, ng'ombe wa maziwa hutazamwa miguu na kiwele. Sioni kwa nini mbwa apewe heshima ndogo kuliko hiyo.

Lakini chama hakitakuwepo kando ya katoni. Mama atakuwepo. Muuzaji akimwambia, "Shosho, hawa ni damu ya Ujerumani," atamjibu kwa upole, "Kijana wangu, sijauliza wametoka wapi. Nimeuliza baba yao ni nani."

Ngoja jibu. Kama ni jina, na mbwa mwenyewe yupo, na kuna karatasi ya daktari inayosomeka, mwache mama achague. Akisikia kigugumizi atajifunga kitambaa chake upya na kuanza kurudi steji. Mfuate.