Mwongozo kwa Kamati ya Kununua Kinanda cha Kwaya

Kwanza undeni kamati. Mwenyekiti awe yule mzee aliyesimamia ujenzi wa uzio, maana anajua kupatana bei. Mhazini hakwepeki, hela anazo yeye. Mwalimu wa kwaya aende kama ana nafasi. Mpiga kinanda abaki nyumbani: watu hao wana maswali mengi, na muuza duka wa Kariakoo ana wateja wengine.

Mkifika dukani, hesabuni. Yamaha PSR-E373 ina sauti 622 na midundo 205. PSR-E473 ina sauti 820 na midundo 290. Hata asiyejua do wala re ameshaona kipi kimezidi, ila kwa kuwa vyote vina noti 61 na kwa mbali vinafanana, chukueni cha bei nafuu mbaki na nauli. Hakuna haja ya kuwatangazia waumini kwamba kati ya sauti zote hizo, Jumapili zitasikika piano, ogani, nyuzi na ile tarumbeta ya Pasaka. Midundo nayo ni ya kumwaga: kuna walsi, kuna gwaride la 6/8. Pambio la kuchezeka mtalitafutia humohumo.

Muuzaji atabonyeza Demo. Tulieni msikilize. Kinanda kitajipiga chenyewe, vinubi vitapanda, ngoma zitaitika, mzee wa uzio atatikisa kichwa. Kamati nyingi zimenunua Demo, na mpaka leo zinamlaumu mpigaji kwamba hakitoi ile sauti ya dukani.

Tena mmeokoa posho. Mpigaji akishika C kwa mkono wa kushoto, kinanda kinaleta ngoma, besi na gitaa. Akihamia F, wote wanahama naye. Mpiga ngoma mwambieni apumzike. Bendi hiyo haichelewi mazoezi wala haiombi nauli. Kasoro yake ni moja tu, haisikii. Mama aliyeanzisha pambio akikolea na kuanza kukimbiza, mwanadamu mwenye ngoma angemfuata. Bendi ya kinanda inabaki na mwendo iliowekewa, na kufikia ubeti wa tatu kanisa lina nyimbo mbili. Hapo mlaumuni fundi mitambo.

Kwa vyovyote vile, msikigeuze mkaangalia nyuma. Nyuma ndiko kuliko na fitina. E373 ina tundu moja la kutolea sauti, linalotumika kwa visikilizio na kwa kwenda kwenye mikisa. Mkichomeka waya, spika za kinanda chenyewe zinanyamaza, na mpigaji anabaki kubahatisha mpaka mtu amgeuzie spika. E473 ina tundu la kushoto na la kulia, ina tundu la maikrofoni, na pembeni ina gurudumu la kupindisha sauti, kitu ambacho mwenziwe hana. Gurudumu si anasa: solo la sebene lisilopinda linasikika kama kengele ya mlangoni. (Mimi ningelipia zile hela za ziada kwa ajili ya matundu na gurudumu tu, na sauti 198 zilizozidi ningewarudishia dukani. Lakini mimi si mjumbe.)

Kuhusu adapta, fuateni kanuni ya mtaani: ikiingia kwenye tundu, ndiyo yake. Kwamba kinanda kinataka volti 12 na hiyo mliyopewa ni ya redio, hayo ni mambo ya wataalamu. Umeme ukikatika msiwe na wasiwasi, E373 inakula betri 6 ndogo za AA na itawaka hata bila umeme wa ukutani. Mikisa imezima, spika kubwa zimezima, lakini mkichomoa waya mpigaji ataongoza kwaya nzima kwa spika zake mbili za wati 2.5 kila moja. Wa mstari wa mbele watafaidi.

Limebaki jambo dogo. Vinanda hivi hutoka kiwandani vimewekwa vijizime vyenyewe visipoguswa kwa dakika 30, na mhubiri wenu mnamjua. Atafunga Biblia, atasema tusimame tuimbe, mpigaji atashuka na mikono yote miwili, na hakuna kitakachotoka. Kikiwashwa kitarudi na piano, wakati yeye alikiacha kwenye nyuzi, mwendo ukiwa tayari. Dawa yake haigharimu kitu: shikilia noti ya mwisho kabisa upande wa kushoto huku unawasha, kujizima kunaondoka. Imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, ambacho mhazini amekifungia kabatini pamoja na risiti, kisije kikapotea.