Kompresa Isiyolala

Leo asubuhi nimesukumwa na watoto wa gredi ya tatu. Wamesukuma gari, na mimi nikiwa ndani, nimefunga tai, nimeshika usukani kama mtu anayejua aendako. Walikuwa na mabegi mgongoni na uji mdomoni. Suzuki ilipowaka, mmoja wao, ambaye meno yake ya mbele hayajarudi, alikuja dirishani akaniambia kwa upole wa daktari: "Anko, si ungenunua tu Probox?"

Kawangware nzima iliyokuwa ikielekea stejini ikacheka. Shosho wa chumba cha kwanza hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na leso yake mabegani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mtungi mtupu miguuni. Huo mtungi ndio ulioniuma.

Naomba nijieleze, maana ploti imeshanihukumu bila kunisikiliza.

Anayepeleka gari kwenye mchanga, au kwenye tope la magadi kule Ziwa Magadi, hupunguza upepo wa tairi. Tairi la psi 30 linashushwa hadi 15 hivi. Wengi hudhani linapanuka. Linapanuka kidogo tu. Hasa linarefuka pale linapokanyaga chini, na uzito wa gari unatandazwa badala ya kuchimba shimo. Shida ni kurudi lami. Tairi lenye upepo kidogo likienda kasi hujikunja na kujikunjua, likapata moto hadi kupasuka. Lazima upepo urudishwe, na huko Magadi hakuna kijana wa pancha anayekusubiri chini ya mgunga. Ndiyo maana watu hufunga kompresa ndani ya gari.

Hapa ndipo usingizi uliponipotea kwa mara ya kwanza, kwa raha. Nimejifunza kwamba madereva wa zamani walikuwa na pampu ya plagi: unafungua plagi moja ya injini, unaweka pampu mahali pake, unawasha injini ibaki ikitetemeka kwa silinda zilizobaki. Msukumo wa ile silinda isiyo na plagi unachezesha pistoni ndogo, na pistoni hiyo inavuta hewa safi ya nje, ili tairi lisijazwe mvuke wa petroli. Aliyebuni hiyo angestahili sanamu. Wengine huchukua kompresa ya kiyoyozi, wakaizungusha kwa mkanda wa injini. Hiyo ina nguvu ya kutisha, lakini inahitaji oili, na oili hupenya pamoja na upepo ikaenda kula raba ya tairi.

Nikachagua ya umeme wa volti 12, mtumba safi kutoka maduka ya vipuri ya Grogan, pamoja na tangi dogo la kuweka akiba ya upepo. Ndani ya kompresa kuna pistoni moja na vipande viwili vya chuma chembamba vinavyofunguka na kufunga: kimoja kinaruhusu hewa iingie, kingine kinairuhusu itoke, na hakuna kinachokubali irudi. Hewa inayogandamizwa hupata joto, kwa hiyo kichwa cha mashine kinaweza kupita nyuzi 100, na hozi ya kwanza lazima iwe ya kusukwa kwa waya wa chuma.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji hakuambii: Nairobi iko juu mno. Hapa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ina mgandamizo wa psi 12 hivi, na Mombasa ni 14.7. Tairi langu lina ujazo wa kama lita 40. Kulitoa psi 15 hadi 30 nahitaji lita 41 za hewa ya Mombasa, lakini lita 50 za hewa ya Nairobi. Yaani pistoni ya Kawangware inafanya kazi karibu robo zaidi ya pistoni ya Likoni kwa matokeo yaleyale. Nilimweleza mke wangu jambo hili usiku. Alizima taa.

Kuifunga, niliipeleka kwa fundi wa umeme Kibera, upande wa Makina, si mbali na soko la Toi. Mashine ya namna hii huweza kuvuta ampea 30. Ukiichomeka kwenye tundu la sigara, fiuzi inaaga dunia papo hapo. Inahitaji waya mnene, fiuzi karibu na betri, na rilei inayotii swichi ya gari, ili ufunguo ukitoka kila kitu kilale. Yote haya nilimwambia fundi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akafanya alivyotaka.

"Mkubwa," akasema, "nimeiweka dairekti kwa betri, isikuzimie njiani. Na fiuzi nimeificha chini ya kompresa yenyewe. Hapa kwetu wanaiba hadi fiuzi."

Sasa, tangi lina swichi ya presha. Upepo ukishuka chini ya psi 110, swichi inaamsha kompresa. Ukifika 145, inaizima. Ni kifaa chenye busara, ila hakijui saa. Na mahali hozi inapoingia kwenye tangi, fundi hakuzungusha ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba. Upepo ukawa unavuja polepole, kwa unyenyekevu, bila kelele.

Usiku wa kuamkia leo, saa sita, kompresa iliamka. Ililia kama mbuzi mwenye pumu aliyefungiwa ndani ya sufuria, kisha ikanyamaza.

Kwenye ploti yetu maji huja kwa zamu, na zamu haina ratiba. Mlio wa mota usiku una maana moja tu: maji yamefika, pampu inayapandisha kwenye tangi la juu. Milango ikafunguka. Mitungi ikagongana gizani. Nilipochungulia, akina mama walikuwa wamepanga foleni kwenye bomba, shosho akiwa mbele. Akafungua. Bomba likakohoa, likatoa upepo.

"Yanakuja," mtu akasema. "Ukisikia upepo, maji yako nyuma."

Mara mota ikalia tena. Foleni ikashangilia. Ikanyamaza. Foleni ikasononeka. Nakiri sijawahi kuona mashine ikipandisha na kushusha matumaini ya watu kwa ustadi namna ile, isipokuwa wakati wa kampeni. Hatimaye shosho akaweka mtungi chini, akaufuata mlio hatua kwa hatua hadi kwenye boneti ya gari langu, na kuweka sikio.

"Kumbe ni wewe," akaliambia gari.

Keateka wa ploti akaitwa, nami nikatolewa nje nikiwa na kaptura.

"Hii kitu inafanya nini?"

"Inajaza upepo."

"Wapi?"

"Kwenye tangi."

"Halafu?"

"Ukivuja, inajaza tena."

Akanitazama muda mrefu. "Toa huo upepo wote, tulale."

Nikaeleza kwamba upepo ukitolewa wote, swichi itadhani kuna tairi linalojazwa, na kompresa itanguruma bila kupumzika. Nikataja psi 110. Nikataja 145. Mtu nyuma akauliza kama mimi ni mwalimu. Keateka akanyoosha mkono, akafungua koki mwenyewe. Kompresa ikaanza kunguruma na haikunyamaza tena. Fiuzi ilikuwa salama chini yake, mbali na wezi na mbali nami. Tukasimama wote tukiisikiliza hadi betri ilipoisha nguvu, jogoo wakiwika.

Mengine yaliyofuata hayana urefu. Leo mchana, karibu na mtaa wa Olympic, Kibera, hozi iliyeyuka kwa kuwa mashine imefungwa kando ya ekzosi. Jioni tairi likatoka upepo, na kijana wa pancha akalijaza kwa kompresa aliyojiundia mwenyewe, bila kuniuliza chochote kuhusu Mombasa.

Kinachoniudhi si fundi wala keateka. Ni kwamba Magadi sijafika. Tope, mawe na mabonde yote yaliyoitesa hiyo Suzuki ni ya kati ya Kawangware na Kibera, safari ya kwenda kazini. Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba na shule Kibera ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite. Watu waliamka na godoro barabarani. Barabara ilipotakiwa, ikapatikana nguvu ya kuvunja. Lakini ukiacha lami na kuingia ndani wanakoishi watu, unashusha upepo wa tairi kama uko jangwani.

Na tunalipa. Tangu Julai 2024, katika kila lita ya petroli shilingi 25 ni ushuru wa kutunza barabara; zamani zilikuwa 18. Tanki la lita 40 ni shilingi 1,000. Wanaoziba mashimo ya njia yetu ni vijana wenye sepetu na udongo, wanaonyoosha mkono dirishani. Nikiwapa hamsini, naliona shimo langu likizibwa. Ile elfu moja huwa sijui imelala shimo gani.

Kwa hiyo nina ombi dogo. Ikiwa ni lazima niendeshe porini kila siku, nibadilishiwe malipo: badala ya ushuru wa barabara, nitozwe kiingilio cha mbuga. Kule mtu akikwama kwenye tope, angalau anaonyeshwa twiga.