Bei ya Jarida la Bure

Nani aliwafundisha vijana wa vyuo kwamba msanii hatokei kwenye jalada la jarida mpaka amkazie macho msomaji kama mwenye nyumba anayedai kodi? Nauliza kwa sababu mpwa wangu, mwanachuo hapa hapa Dar es Salaam, ameanzisha jarida la muziki na wenzake, na mimi ndiye mfadhili. Ufadhili wenyewe ulianza kwa "Shikamoo anko" ya saa nne usiku. Mtu mzima akiona shikamoo ya saa nne usiku kwenye simu, anajua ujumbe unaofuata una namba ya kutumia hela.

Basi hela ni yangu, na kulalamika ni haki yangu.

Tuanze na jina. Lina herufi sita, limeandikwa juu kabisa kwa rangi nyekundu, linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha wakamsimamisha msanii mbele yake, kijana mwenye afro ya haja, na afro ikameza herufi nne za katikati. Zimebaki M na I. Nilipouliza nikajibiwa kwa upole, kama anavyojibiwa mzee asiyejua kuwasha data: "Anko, ndiyo kanuni. Kichwa cha msanii lazima kizibe jina." Kanuni ipo, sikatai. Rolling Stone la Marekani liko mitaani tangu 1967. Ukiziba nusu ya jina lake, msomaji anamalizia mwenyewe. Hili la kwetu ni toleo la kwanza. Msomaji amalizie nini?

Rangi nazo zina kanuni: zisizidi tatu. Wamechagua nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa kulitazamia NME la Uingereza, lililoanza 1952. Sawa, lilikuwa gazeti la muziki lenye heshima zake. Lakini toleo lake la kila wiki la karatasi lilisitishwa Machi 2018, na mwenzake, Q, akafungwa 2020. Vijana wangu wamekwenda kujifunza namna ya kupanga bidhaa kwa watu waliokwisha kufunga duka.

Nikataka kujua kanuni hizi zinatoka wapi. Kumbe Uingereza sekondari za juu zina somo la vyombo vya habari, na kwa miaka mingi moja ya kazi zilizompa mwanafunzi alama ilikuwa kubuni jarida la muziki: jalada, ukurasa wa yaliyomo na kurasa mbili za makala. Unachambua majarida yaliyopo, unaorodhesha desturi zake, unazifuata, unasahihishiwa. Wanafunzi wakatupia madokezo yao mtandaoni, na mpwa wangu akayaokota. Kwa hiyo jarida lilitengenezwa kumridhisha msahihishaji aliye Uingereza, ambaye hatalishika milele, na gharama nimelipa mimi wa Mbagala. Wahenga walishaonya kuhusu kumwiga tembo. Sitamalizia methali, safu hii inasomwa na watoto.

Chukua kanuni ya theluthi ya kushoto. Habari zote nzito zimebanana upande wa kushoto wa jalada, kulia kumebaki ukuta mtupu na bega la msanii. Sababu yake ni ya maana huko kwao: dukani majarida hupangwa rafuni yakilaliana, kinachoonekana ni ukanda wa kushoto tu. Hapa kwetu muuza magazeti anayatandaza chini, mazima mazima, kisha anayawekea mawe yasipeperuke. Wananchi wanasimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vyote vya habari, wanabishana Simba na Yanga, wanaondoka bila kutoa hata shilingi. Kwa biashara ya namna hiyo, swali la msanifu ni moja: jiwe litakaa wapi? Sijasikia dokezo linalolijibu. Walipoacha nakala chache kwa muuza magazeti, jiwe likakaa juu ya M. Jarida sasa linaitwa I.

Halafu kuna ule mraba wa mistari myeusi pembeni chini, wa kupitishwa kwenye mashine ya dukani. Jarida linagawiwa bure, haliendi supamaketi yoyote, lakini mraba upo, kwa sababu majarida yote yanao. Nikavaa miwani. Namba za jarida lililosajiliwa huanza na 977, na ndani yake hubeba namba yake ya kimataifa. Hizi zinaanza na 620, ambazo hupewa kampuni zilizosajili bidhaa zao hapa Tanzania. Mtoto amepiga picha pakiti ya kitu fulani jikoni kwa mama yake. Siku jarida hili likipitishwa kwenye mashine, litasoma sabuni ya unga.

Kwenye uchapaji ndiko hela ilikolia. Karatasi ikikunjwa katikati inazaa kurasa nne, kwa hiyo jarida la kubana kwa pini lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa nne. Wao wamekuja na kumi na nne. Ikabidi zitafutwe mbili za kujazia, moja ikawa ya shukrani, na mfadhili ametajwa chini kabisa, baada ya wote walioshiriki "kwa namna moja au nyingine". Bluu ya kwenye picha, iliyong'aa kwenye simu, ikatoka zambarau iliyofifia. Wakataka kumshambulia fundi, naye akawajibu bila kuinua kichwa: "Simu inawaka, karatasi haiwaki." Ndivyo ilivyo. Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inazitengeneza kwa wino, na si kila rangi ya mwanga ina wino wake.

Kurasa za katikati wametandaza uso wa msanii kurasa mbili nzima, mkunjo ukapita katikati ya pua. Pini ya juu imetua kwenye paji la uso. Ya chini imeingia puani. Kijana anayejisifu kwa ugumu wa mtaani ametoka amevaa kipini.

Haya yote ningeyameza kama ndani kungekuwa na muziki. Mahojiano yana sentensi moja, "Muziki ni maisha yangu", nayo imechapwa jaladani, kwenye yaliyomo, katikati ya makala kwa herufi kubwa, na ndani ya makala yenyewe. Juu yake kuna muhuri mwekundu: HAPA TU! Aliyetengeneza mdundo hatajwi. Wimbo ulirekodiwa wapi, hakuna. Gitaa linalolia ubeti wa pili kalipiga nani, hakuna. Watayarishaji wetu wa Bongo Fleva wana desturi ya kujitaja mwanzoni mwa wimbo, kwa hiyo sekunde chache za kwanza za wimbo zina habari nyingi kuliko jarida lote. Hata Smash Hits la Uingereza, lililoanza 1978, lilijenga jina kwa kuchapa maneno ya nyimbo. Wanafunzi wa hapa walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo kwa peni na daftari, sikio kwenye redio, na mstari usiosikika vizuri unaandikwa kwa kukisia. Kanuni hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na mizizi kwetu, na ndiyo pekee waliyoiacha.

Wiki iliyopita shikamoo ya usiku imerudi. Toleo la pili litakuwa la kwenye simu tu, hakuna kuchapa, anko asiwe na wasiwasi. Nikaomba kuliona. Halina karatasi, lakini katikati wamelichorea kivuli cha mkunjo. Mraba wa mistari myeusi upo. Na juu, kulia, bei: Sh 3,000.

"Mama," nikamwambia mpwa wangu, "jarida ni la bure. Hiyo bei ya nini?"

"Sasa anko, tusipoweka bei, watu watajuaje kwamba tumewapa bure?"

Nimelitafutia kasoro jibu hilo, sijaiona. Katika jarida zima ndiyo kanuni moja iliyowekwa kwa kumfikiria msomaji wa Dar es Salaam, na haikuokotwa kwenye dokezo la mtu. Nikamwambia apandishe iwe elfu tano, ili na ufadhili wangu uonekane.