Bei ya Hewa

Anayeamini kwamba mzigo mzito ndio wenye gharama hajawahi kutuma kapu. Ukituma nondo, utalipia nondo. Ukituma vitabu, utalipia vitabu. Lakini kapu kubwa la kuwekea nguo chafu, lile la milulu linalosukwa Iringa, ukilipeleka kwenye ghala la soko la mtandaoni huku Marekani, utalipia nyasi kidogo na hewa nyingi, na hiyo hewa ndiyo itakayokufilisi.

Biashara yenyewe si yangu. Ni ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye tunaishi naye hapa Columbus, Ohio. Mimi nina gereji na kadi ya benki, kwa hiyo nikapewa cheo cha mwekezaji. Shemeji alikuwa amekesha akitazama video za vijana wanaoeleza, wakiwa wameegemea magari ya watu, jinsi ya kutajirika: unapeleka bidhaa zako mapema kwenye ghala la soko, wao wanazihifadhi, mteja akinunua wao wanafunga na kumpelekea, wewe unahesabu. "Shem," aliniambia, "utakuwa umelala na mzigo unauza." Nilikubali, ingawa niliona kwamba anayezungumzia kulala alikuwa tayari ana uzoefu mkubwa katika fani hiyo.

Bidhaa haikututoa jasho kuipata. Shangazi yao yuko Mufindi, hukohuko Iringa, na yeye na kinamama wenzake wanasuka makapu ambayo Mmarekani akiyaona huweka mkono kifuani. Yalisafiri vizuri kabisa kutoka Dar es Salaam ndani ya kontena la kushirikiana, kwa sababu Shangazi aliyapanga kama wanavyoyapanga siku zote: dogo ndani ya la kati, la kati ndani ya kubwa. Melini unalipia CBM, yaani mita za ujazo, jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou analijua usingizini, na makapu yaliyomezana hayali CBM nyingi. Mpaka hapo hesabu ilikuwa na adabu zake.

Adabu ziliisha pale makapu yalipotenganishwa, kila moja likaingia kwenye boksi lake. Kampuni kubwa za vifurushi za Marekani hazikuulizi tu mzigo una uzito gani. Zinachukua urefu, upana na kimo kwa inchi, zinazidisha, kisha zinagawanya kwa 139. Jibu likizidi uzito halisi, unalipa jibu. Zamani vifurushi vidogo vya barabarani vilisamehewa hesabu hiyo, lakini tangu kuingia mwaka 2015 msamaha ulifutwa. Kapu letu kubwa lilihitaji boksi la inchi 24 kila upande. Zidisha: 13,824. Gawanya kwa 139, kisha panda hadi namba kamili inayofuata: 100. Kapu la pauni saba limekuwa la pauni 100, yaani kilo 45, na ukiliongezea kilo tano tu ni mfuko wa saruji. Dada wa kaunta alilinyanyua boksi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaandika pauni 100. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Nilimpigia Shangazi kumweleza. Nilidhani atapiga ukunga.

"Kamwene, mwanangu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Sasa cha ajabu nini? Kwani konda wa basi la Mafinga ana mzani?"

Nilikaa kimya, kwa maana ni kweli. Konda wa basi hajawahi kuwa na mzani. Anasimama ameshika kiuno, anauangalia mzigo, anapindisha mdomo, halafu anatangaza: "Mama, huo ni abiria wawili." Huo ndio urefu mara upana mara kimo, bila kikokotoo, na bila kusubiri mwaka 2015. Tofauti ni moja tu. Konda unaweza kumwambia, "Mwanangu, nisaidie, mimi ni sawa na mama yako," naye akapunguza huku akinung'unika. 139 haina mama.

Baada ya bei zikaja kanuni. Ghala linataka kila bidhaa iwe na lebo yenye msimbopau, na lebo hiyo isibandikwe kwenye kona wala mahali palipopinda, maana mashine haitaisoma. Shemeji alilizungusha kapu mikononi akitafuta upande ulionyooka. Akalizungusha tena upande wa pili, pengine upande ulionyooka ulikuwa unamkwepa. Kapu ni mviringo tangu chini mpaka juu. Tangu Malcom McLean alipopakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X, Aprili 1956, yakatoka Newark kwenda Houston, biashara ya dunia imependa kitu chenye pembe nne, na kinamama wa Mufindi hawakuwa kwenye kikao hicho.

Suluhisho lilikuwa kulivika kapu mfuko wa plastiki na kubandika lebo juu ya mfuko. Hapo Shangazi ndipo alipopiga ule ukunga niliousubiri. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na watu waliozoea kubebea nyanya kwenye rambo wakarudi kwenye vikapu. Kwa Shangazi, rambo ni adui aliyekwisha kushindwa.

"Mnalivalisha kapu rambo?" aliuliza. "Kapu lililomfukuza rambo mjini?"

"Ndiyo, Shangazi. Na juu yake tunaandika onyo kwamba mtoto asijifunike kichwani, atakosa hewa."

"Hewa ambayo mmeshailipia?"

Sikuwa na jibu.

Shemeji akahamia kwenye malori ya mizigo, yale yanayobeba paleti. Huko walikuwa na mfumo wao: madaraja 18, kuanzia 50 mpaka 500, na kinachokupandisha zaidi ni wepesi. Kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa na chepesi, ndivyo daraja lake linavyopanda na bei kupanda nayo. Mfano ambao watu wa kazi hiyo hupenda kuutoa ni mipira ya tenisi ya mezani, iliyoko kule juu kabisa. Wakala alituuliza kwenye simu tunasafirisha nini. Shemeji akasema makapu. Yana nini ndani? Hayana kitu. Nilisikia wakala akicheka peke yake, cheko la mtu aliyeona mwisho wa mwezi wake umekuwa mwema.

Ndipo Shemeji akaamua kwamba ghala haliko mbali, tukodi gari, tupeleke wenyewe. "Shem, mtu akikuona uso kwa uso hawezi kukukatalia." Hii ni imani aliyotoka nayo nyumbani, na nyumbani inafanya kazi.

Tulifika getini tukiwa na kigari cha kukodi kilichojaa mpaka mlango wa nyuma ulikuwa unafungwa kwa dua. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya matrela ya futi 53, na madereva wake walituangalia kwa huruma. Mlinzi alikuja na kishikwambi. Akasoma jina kwenye leseni ya Shemeji, akamtazama usoni, kisha akasema kwa Kiswahili safi cha Nairobi: "Karibuni sana. Namba ya miadi?"

Sijawahi kumwona Shemeji akifurahi vile hata siku ya harusi yetu. Alitoka garini, akamshika mlinzi mkono kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Waligundua kwamba wote wawili wana ndugu Arusha. Wakagundua kwamba wote wanaichukia baridi ya Januari. Nilianza kuamini kwamba mlango utafunguka. Shemeji naye aliamini, akasogea karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Sasa ndugu yangu, hilo la miadi tusaidiane."

Mlinzi alisikitika kwelikweli. "Undugu upo, kaka," alisema. "Lakini geti linafunguliwa na kompyuta."

Akatuonyesha mengine kwa upole. Mlango wa kushushia mzigo uko juu karibu futi nne kutoka chini, umejengwa kwa kimo cha trela, na kigari chetu kingesimama pale chini kikitazama juu bila msaada. Pili, Shemeji alikuwa amevaa makobazi, na humo ndani haingii mtu ambaye vidole vyake vya miguu vinaonekana. Tukageuza. Madereva wa matrela walitupisha kwa heshima ambayo hupewa gari la msiba.

Hatimaye mzigo uliingia, kwa lori lenye miadi na dereva mwenye viatu. Mfumo ukaugawa papo hapo: makapu mengine Texas, mengine Pennsylvania, ili yawe karibu na wateja. Shangazi aliposikia alisema, "Ndugu wa tumbo moja mmewatenganisha," akatuombea.

Kule ndani kuna mashine inayopima kila bidhaa mpya kwa miale ya mwanga. Kapu la Shangazi lina vishikio viwili vya ngozi. Siku ya kupimwa, vishikio vilikuwa vimesimama, na mashine, ambayo kazi yake si kufikiri, ikahesabu kimo mpaka ncha ya kishikio. Kapu likapanda kundi la ada, na kila lililouzwa likatuachia faida ya kununulia soda, tena ya kugawana. Shemeji aliandika barua ndefu kuomba lipimwe upya. Jibu lilikuja na shukrani nyingi kwa uvumilivu wetu. Likapimwa upya. Safari hii vishikio vilikuwa vimelala kwa nje, na kapu likaongezeka upana. Aliponiambia anataka kuomba kipimo cha tatu, nilimsihi kama mwekezaji aache, kabla kapu halijafika ukubwa wa kuhitaji kibali cha ujenzi.

Tulijaribu kuuza seti, yale matatu yakiwa yamemezana kama yalivyotoka Mufindi, boksi moja, hewa moja. Tuliandika kwa herufi kubwa kwamba hii ni seti, isitenganishwe. Mtu fulani mwenye bidii akaitenganisha. Mteja aliyelipia matatu akapokea dogo peke yake, akatupa nyota moja. Aliyelipia dogo akapokea yote matatu. Huyo hakuandika chochote, na namwelewa.

Wakati huohuo makapu yaliyobaki yalikuwa yanalipa pango. Hifadhi inatozwa kwa futi ya ujazo kila mwezi, na Oktoba mpaka Desemba, msimu wa sikukuu, kiwango kinapanda. Shemeji, ambaye anaishi kwetu miaka yote hii bila kulipa kodi, alikasirika mno kuona kapu linatozwa kodi kwa kukaa tu. Alizunguka sebuleni akiuliza ni utu gani huu, kitu hakili, hakisumbui, kimekaa kwenye kona yake, halafu kila mwezi kinadaiwa. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba hata yeye ameanza kupenda mfumo huo.

Tukaamuru mzigo urudishwe. Ulirudi moja moja, kila kapu na boksi lake, na ili kapu lisichezecheze njiani walikuwa wameshindilia pembeni vimito vya plastiki vilivyojazwa hewa. Na ndani ya kapu pia, vimito. Gereji yangu haikuwahi kubeba hewa nyingi kiasi kile. Makapu yenyewe yaliisha kwa mwendo wa kawaida, pale kanisani na kwenye sherehe za Watanzania wa hapa, kwa watu wanaoligeuza kapu, wanalalamikia bei, wanaondoka, wanarudi, wanalibeba kichwani mpaka kwenye gari.

Shemeji hakukata tamaa. Alisoma kanuni upya, safari hii yeye na si video, akagundua kwamba ghala lina kundi la kawaida: kitu kisichozidi inchi 18 kwa 14 kwa 8. Ukizidisha na kugawanya kwa ile 139, unapata chini ya pauni 15. Hapo mtu anaweza kupumua. Akampigia Shangazi, akamsomea vipimo, akamwomba kapu dogo lenye pande nne na lisilo na vishikio.

Shangazi alihesabu na wenzake, kisha akataja bei. Ilikuwa ileile ya kapu kubwa.

"Shangazi!" Shemeji aliruka. "Dogo hili linakula nusu ya milulu!"

"Milulu nimepunguza, mwanangu. Nilichopandisha ni hewa. Wenzenu huko wanauza iliyo ndani ya kapu, na mnalipa bila kubisha. Mimi nauza ya nje, ya huku Mufindi, safi, ya baridi. Tuma nusu kwanza, ndipo tuanze kusuka."

Shemeji alinigeukia mimi, mwekezaji. Nikatoa simu, nikatuma.