Dakika Tano za Dalali

Mwezi wa kwanza, mama mwenye nyumba wangu wa Sinza alipandisha kodi hadi 250,000. Chumba na sebule tu, choo tunachangia wapangaji wanne, mmoja wao huimba humo alfajiri mpaka wengine tunachelewa kazini. Nikaapa kuhama. Dalali alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Bosi, nina nyumba Makabe, Mbezi hapo tu. Chumba na sebule, choo ndani, kibaraza, elfu 120. Mpaka lami dakika tano."

Nilikwenda kuhakikisha, na haki ya Mungu hakunidanganya: zilikuwa tano kamili. Kosa langu ni kuzihesabu nikiwa nyuma ya pikipiki yake, jua linawaka, njia kavu, naye anakata kona kama anakimbizwa na mgambo. Nikalipa miezi sita kwa mkupuo, mwezi mmoja wa udalali, na elfu 20 za kunizungusha. Usiku ule nililala nikihesabu 130,000 za kuokoa kila mwezi. Kichwani nilikuwa nimeshanunua friji.

Kwa miguu, dakika tano zile ni arobaini, nyingi zake mlima. Basi bodaboda: 2,000 asubuhi, 2,000 jioni, siku 26. Kijana wa kijiweni akawa ananilia 104,000 kwa mwezi. (Nauli ya Posta siitii humo, hata Sinza nilikuwa nalipa.) Zikabaki 26,000. Friji likageuka jagi.

Ikaingia Machi, na masika yake. Njia ikawa uji. Mvua ikinyesha boda ni 4,000, na mlimani unashuka umsaidie kusukuma. Nikazoea kutoka na malapa, suruali nimeikunja magotini, viatu vya ofisi begini pamoja na chupa ya maji ya kunawia miguu. Asubuhi moja niliteleza nikakaa kitako katikati ya tope, mbele ya watoto wa shule. Wana adabu watoto wa Makabe, hakucheka hata mmoja. Walisimama wakasema kwa pamoja, "Shikamoo!" Nami nikaitikia "Marahaba" nikiwa palepale chini. Kazini mkuu wangu aliniuliza mwaka huu nimelima nini.

Mwezi wa nne nikampigia dalali: anitafutie mtu wa kumalizia kodi yangu, nirudi Sinza kwa mwimbaji wangu. Akaleta kijana mmoja Jumapili, siku ya tatu bila mvua, raba zake nyeupe pee. Akaonyeshwa choo, akaonyeshwa kibaraza, akaridhika. Kisha akanigeukia mimi mwenyeji.

"Kaka, hapa mpaka lami ni mbali?"

Dalali akaanza kuchunguza dari. Mimi nikayaangalia malapa yangu mlangoni, nikakohoa kidogo.

"Wala! Dakika tano."