Mapepo ya Kisasi Yamekosa Kazi

Kisasi cha Wagiriki wa kale nilikizoea kikiwa na utaratibu wake. Agamemnon anarudi kutoka vita vya Troy, mkewe Clytemnestra anamuulia bafuni. Mwana wao Orestes anarudi nyumbani, anamuua mama. Damu ya mama haiendi bure, basi Waerinia, yale mapepo ya kike ya kisasi, yanamkimbiza mpaka barazani Athens akahukumiwe. Aeschylus alipoionyesha hadithi hiyo mwaka 458 KK, kila aliyepanda jukwaani alikuwa na shughuli.

Sasa mtazameni T. S. Eliot. Machi 1939 tamthilia yake ya kishairi, The Family Reunion, ilionyeshwa London katika ukumbi wa Westminster. Hadithi ni ileile ya Orestes, ila amevalishwa suti na kuitwa Harry. Vita hakuna. Watu wamekaa sebuleni Wishwood, jumba la kitajiri kaskazini mwa Uingereza, wanangoja chakula cha usiku. Mama mwenye nyumba, Amy, anaadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Harry, mwanawe wa kwanza, hajakanyaga hapo miaka minane. Anaingia, salamu hata hazijatulia, macho yamemtoka dirishani: kayaona mapepo.

Harry anasema alimsukuma mkewe kutoka melini, akazama. Haya, nikakaa vizuri, nikijua kazi imeanza. Baadaye anasema labda aliota tu. Labda! Mapepo yamefunga safari yote hiyo kutoka Ugiriki, yanafika yanakuta mshtakiwa hana hakika kama ameua.

Na jamaa zake je? Wamo mama wadogo watatu na baba wadogo wawili, na hakuna hata mmoja wa kuuliza mapepo yanataka nini. Kwetu mtu akipandwa na pepo, chai haijapoa wazee wameshamuuliza jina, kwao wapi, na kama shida yake ni kanzu nyeupe au mbuzi. Wishwood wanamwita daktari, tena akae mezani ale nao. Downing, mtumishi wa Harry, aliyaona mapepo hayo kabla ya bwana wake. Wanamhoji kuhusu marehemu mke wa Harry, basi. Habari ya mapepo anaitoa mwishoni kabisa, watu karibu wanatafuta makoti yao.

Tena hao wazee, ghafla, wanasimama na kusema kwa sauti moja, ati ndio kiitikio cha Kigiriki. Ndugu wa mama na ndugu wa baba wakubaliane neno kwa neno bila mtu kununa? Hapo ndipo nilipoacha kuiamini tamthilia, si kwenye mapepo.

Ushairi wenyewe usiniulize. Vina hakuna, mizani hakuna. Eliot alihesabu mikazo mitatu kwa kila mstari na pumziko mahali fulani, akaridhika. Guni tupu. Kwetu mshairi Kezilahabi alipotoa diwani ya namna hiyo, Kichomi, mwaka 1974, wanamapokeo wa vina na mizani walimwandama. Eliot mwaka 1948 walimpa Tuzo ya Nobel.

Katikati ya maneno hayo yote imefichwa kesi ya kweli. Marehemu baba yake Harry alikuwa akipendana na Agatha, mdogo wake Amy, na akapanga kumuua mkewe akiwa na mimba ya Harry huyuhuyu. Agatha ndiye aliyemzuia. Hilo ni la kikao cha ukoo, mlango ufungwe na watoto watolewe nje! Harry anaambiwa, moyo wake unakuwa mwepesi, anaagiza gari, anaondoka. Orestes alimuua mama yake kwa upanga. Harry amemuua wake kwa kuaga. Amy anakufa usiku uleule, na keki ya sherehe inaletwa mwenyewe keshakata roho.

Mwaka 1951 Eliot alichapisha mhadhara akiikosoa tamthilia yake mwenyewe. Alikiri kwamba huruma yake imehamia kwa mama, na kwamba Harry anamchosha kwa kujiona. Ahsante, ila mimi nilishahamia tangu onyesho la kwanza. Mapepo nayo hakuyaacha. Yakipandishwa jukwaani, alisema, yanafanana na wageni wasioalikwa waliopotea njia wakitoka kwenye dansi la mavazi ya kuigiza. Yakifichwa kwenye giza yanageuka vichaka vya bustani. Uamuzi wake: yaondolewe kwenye orodha ya wahusika.

Haki iko wapi? Wadogo wawili wa Harry hawakufika kabisa, kila mmoja na ajali yake ya gari. Harry kafika, kaondoka kabla keki haijakatwa. Wazee wamekula, wamelalamika kwa pamoja, hawakusaidia kitu. Mapepo yamefika kwa wakati, yamesimama dirishani bila kuomba hata maji, hayakumkosea mtu. Na yanayofukuzwa kazi ni hayo.