Mbona K Imetupa Mgongo?

Anayetazama besiboli bila kuandika hula karanga zake kwa raha, hupiga soga, na akienda msalani na kurudi hakuna anayemdai. Anayeandika hana uhuru huo. Ukishanunua kadi ya kurekodi mchezo na kuchonga penseli, umejiajiri ukarani usio na mshahara, na hapo ndipo kila mtu anapokuona wewe ndiwe wa kutumwa. Jirani anataka kupita. Simu inaita. Muuza hotidogi anakuomba umpokelee noti kutoka kwa yule mwenye kofia mwisho wa safu, umrudishie chenji, kisha hotidogi yenyewe inapitishwa juu ya kadi yako na kudondosha haradali katikati ya duru ya tatu.

Kadi ukiitazama tu haitishi. Majina ya wapigaji yanashuka upande wa kushoto, duru tisa zinakwenda kulia, na kila kisanduku kina almasi ndogo, ndio uwanja wenyewe huo. Mchezaji akifika besi unachora mstari. Akizunguka mpaka nyumbani unaipaka almasi weusi. Walinzi wana namba zao, na si zile za mgongoni: mrushaji ni 1, mdakaji 2, wa besi ya kwanza 3, na kuendelea hadi 9 kule pembeni kulia. Mpira ukiokotwa na 6, akampa 4 pale besi ya pili, naye 4 akamtupia 3, unaandika 6-4-3 na wawili wametoka. Aliyeweka misingi ya mambo haya ni Henry Chadwick, Mwingereza wa Exeter aliyehamia Marekani akiwa mtoto, akawa anaripoti kriketi mjini New York kabla besiboli haijamteka. Ndiyo maana simlaumu sana. Mtu aliyelelewa na mchezo ambao watu wanasimama kwenda kunywa chai lazima aamini kwamba kuna muda wa kuandika.

Muda huo nao tumenyang'anywa. Tangu 2023 ligi kuu imeweka saa, na besi zikiwa tupu mrushaji ana sekunde 15 tu za kurusha. Zamani alikuwa anazunguka kilima chake, anarekebisha kofia, anatema mate, anamkatalia mdakaji kwa kichwa, anazunguka tena. Wewe huku umeshaandika, umefuta, na umemuuliza jirani kilichotokea. Sasa michezo imepungua karibu nusu saa na watazamaji wanashangilia. Sisi makarani hakuna aliyetuuliza.

Katika hali hiyo ndipo nilipompeleka shemeji, kaka wa mke wangu, uwanja wa Camden Yards hapa Baltimore, alipokuja kututembelea kutoka Tanga. Kwa shemeji, matokeo ni kitu cha kubeba kichwani: mbili kwa moja, filimbi, twende nyumbani. Wimbo wa taifa ulipofika pale ambapo watu wa Baltimore hupiga ukelele wa "O!" kwa ajili ya timu yao, Orioles, aliruka kitini akitafuta goli limeingia wapi. Alipotulia, akahamia kwenye kadi yangu.

"Shemeji, hii K mbona imetupa mgongo? Umekosea?"

Nikamweleza kwamba K ya kawaida ni ya mpigaji aliyepunga gongo akakosa straiki ya tatu. Aliyesimama tu akautazama mpira ukipita, K yake inageuzwa.

"Kwa hiyo mtu katoka, na herufi nayo inamzomea?"

"Ndiyo hivyo."

Akafurahi sana. Kuanzia hapo kila K ilipoandikwa alitaka kuhakikisha inatazama upande unaostahili. Tungekwenda vizuri kama si yule mpigaji wa duru ya nne. Alipunga gongo, akakosa, nikaandika K safi. Lakini mpira ukamponyoka mdakaji, ukabiringika hadi ukutani, na yule mtu aliyekwisha kutolewa akachomoka mbio hadi besi ya kwanza, akasimama pale anajipangusa vumbi.

"Si umesema huyu katoka?"

"Katoka."

"Mbona yupo?"

Sheria inaruhusu. Straiki ya tatu isipodakwa, na besi ya kwanza iko tupu au wawili wameshatoka, mpigaji ana haki ya kukimbia. Mrushaji anahesabiwa K yake, na mpigaji anahesabiwa kuwa hai. Ndiyo maana mrushaji anaweza kuwapiga K watu wanne katika duru ya watu watatu. Shemeji alinitazama kwa huruma, kama ndugu anayejiuliza dada yake ameolewa na nani.

Duru ya tano ndiyo iliyoivuruga kadi kabisa. Walipiga wote tisa, akarudi yule wa kwanza, na kisanduku chake cha duru hiyo kilikuwa kimeshajaa. Hapo unaazima safu ya sita, unafuta 6 juu yake na kuandika 5, kisha unasukuma duru zote zilizobaki hatua moja kulia mpaka ya tisa inakosa makazi na kuhamia kwenye tangazo la bia. Ukiwa katika kufuta, wanabadilisha mrushaji. Phil Rizzuto, aliyeichezea Yankees kisha akatangaza mechi zao miaka mingi, alikuwa na dawa ya masaibu haya: katika kadi yake aliandika WW, maana yake hakuwa anatazama. Kwangu hiyo ndiyo alama ya kweli kuliko zote Chadwick na wenzake walizotuachia.

Baadaye mpira ukapigwa kwa 6, ukamgonga, ukamtoka. Ni pigo halali au ni kosa la mlinzi? Anayeamua ni mtu mmoja aliyeketi kule juu kwa wanahabari, na ubaoni ikatokea kwamba ni pigo. Mbele yetu alikaa bibi mmoja mwenye daftari la jalada gumu na penseli ya akiba nyweleni. Hakuutazama hata ubao. Aliandika E6, yaani kosa la namba 6, na kuikandamiza. Shemeji akachungulia, akashtuka.

"Huyu mama kampinga hakimu!"

Nikamwambia timu na wachezaji ndio wanaoweza kukata rufaa kwenye ligi. Sisi wengine kila mmoja anahukumu kwenye kadi yake. Nilipaswa kunyamaza. Shemeji aliinama mbele, akamwamkia bibi kwa heshima zote, akamweleza kwamba mpira ulidunda vibaya, na kwao Tanga katika hali hiyo hulaumiwa uwanja. Bibi akasema haukudunda popote, uligonga kisigino cha glavu, akamwonyesha kwa kiganja chake. Shemeji akaivua kofia yangu kichwani ili imfae kwa glavu, akaigiza mdundo wote upya. Watu wa safu ya nyuma nao wakaingilia. Bibi aliporudi kwenye daftari lake alikuta wapigaji wawili wameshapita na visanduku vyao ni vyeupe, akageuka akaniuliza mimi, karani, wale walifanya nini.